Mitambo ya Kumsaidia Refa: Inaona Nini, Haioni Nini?

"Refa naye ni binadamu." Maneno haya utayasikia katika kila uwanja wa kandanda, lakini ukichunguza vizuri utagundua kwamba aghalabu husemwa na upande ulioshinda. Upande ulioshindwa una maneno yake: refa kipofu, refa amekula mlungula, refa ana jamaa yake kule, refa arudishe hicho kipenga alikokitoa. Basi mitambo ilipoanza kuingizwa katika mchezo huu, wengi walidhani kwamba kelele zitakwisha. Kamera haina shangazi katika timu yoyote, wala haipewi chai nyuma ya jukwaa.

Kelele hazikwisha ng'o. Mashabiki waliokuwa wakimtukana refa peke yake sasa wanamtukana refa pamoja na VAR. Kwa nini? Nimelifikiria swali hili sana, na jawabu langu ni kwamba refa huulizwa maswali ya aina mbili uwanjani. Kuna maswali ya kupima: mpira umevuka mstari au haujavuka? Na kuna maswali ya kuamua: je, beki yule aliunawa mpira kwa kosa, au mpira ndio uliomfuata mkononi? Rafu ile inastahili kadi nyekundu, ama manjano inatosha? Mitambo hujibu maswali ya kupima vizuri ajabu. Yale ya kuamua haiyajibu kabisa. Humrudishia binadamu swali lake pamoja na picha. Sisi mashabiki huyachanganya haya mawili, kisha tunakasirika. Hebu tuyatenganishe.

Kwa miaka mingi wakuu wa kandanda walikataa mitambo katakata. Tarehe 22 Juni 1986, katika uwanja wa Azteca mjini Mexico City, Diego Maradona wa Argentina aliruka pamoja na golikipa wa Uingereza, Peter Shilton, akaupiga mpira kwa mkono wa kushoto ukaingia wavuni. Refa alikuwa Mwafrika mwenzetu, Ali Bin Nasser kutoka Tunisia. Hakuuona mkono, kibendera cha msaidizi wake hakikupanda, akakubali bao. Watu zaidi ya laki moja walikuwa uwanjani, na mamilioni walikuwa mbele ya televisheni wakionyeshwa mkono ule tena na tena. Argentina ilishinda 2-1 na baadaye ikatwaa Kombe la Dunia. Sheria haikubadilika.

Kilichowatikisa wakuu kilitokea hapa hapa barani Afrika. Katika Kombe la Dunia lililoandaliwa Afrika Kusini mwaka 2010, mambo mawili yalitokea siku moja, tarehe 27 Juni. Mjini Bloemfontein, Uingereza ilikuwa nyuma 2-1 dhidi ya Ujerumani wakati Frank Lampard alipopiga kombora lililogonga mtambaa wa panya, likadunda ndani ya goli, likarudi nje. Golikipa Manuel Neuer akaudaka mpira na kuendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Refa Jorge Larrionda wa Uruguay na msaidizi wake hawakuona. Mpira ulikuwa umevuka mstari kwa umbali ambao hata nyanya yangu, asiyejua tofauti ya kona na penalti, angeuona. Badala ya kuwa 2-2, mechi iliisha 4-1. (Wajerumani wazee hawakuwaonea huruma Waingereza. Katika fainali ya mwaka 1966 Uingereza ilipewa bao la Geoff Hurst, ambalo liligonga mtambaa wa panya likadunda pale pale mstarini, na Wajerumani hawajalisahau.)

Siku hiyo hiyo usiku, mjini Johannesburg, Carlos Tevez wa Argentina alifunga dhidi ya Mexico akiwa ameotea waziwazi. Hili la pili ndilo linalonichekesha na kunihuzunisha kwa pamoja, kwa maana bao lile lilionyeshwa tena kwenye skrini kubwa iliyokuwa pale pale uwanjani! Wachezaji wa Mexico waliiona, wakamwonyesha refa kwa vidole. Refa Roberto Rosetti wa Italia alikwenda kwa msaidizi wake, wakashauriana, na bao likasimama, kwa sababu sheria ya wakati huo haikumruhusu kutumia picha. Yaani uwanja mzima ulishajua ukweli, na mtu pekee ambaye hakuruhusiwa kuujua ni yule mwenye kipenga. Sepp Blatter, aliyekuwa rais wa FIFA na ambaye alikuwa akiipinga mitambo, aliziomba radhi nchi hizo mbili na kusema kwamba jambo hilo litazungumzwa upya.

Likazungumzwa. Tarehe 5 Julai 2012 IFAB, bodi inayotunga sheria za kandanda duniani, iliidhinisha mtambo wa mstari wa goli. Huu ndio mtambo ninaoupenda mimi, kwa sababu swali lake ni la kupima tupu. Sheria inasema kwamba ili bao lihesabiwe, mpira wote mzima lazima uvuke mstari wote mzima, kati ya milingoti miwili na chini ya mtambaa wa panya. Mpira una upana wa sentimita 22 hivi. Ukiwa umevuka sentimita 21 na sentimita moja ikabaki juu ya mstari, hakuna bao, hata mashabiki wararue mashati yao.

Mtambo uliotumika katika Kombe la Dunia la Brazil mwaka 2014 ulikuwa na kamera 14, saba kwa kila goli. Kwa nini saba, si moja? Kamera moja haiwezi kusema mpira uko wapi hasa. Ni kama wewe kunyoosha kidole kwa ndege aliye angani: tunajua yuko upande ule, lakini hatujui kama yuko karibu ama mbali. Sasa mwenzako aliyesimama mahali pengine naye akimnyooshea kidole ndege yule yule, pale mistari ya vidole vyenu inapokutana ndipo ndege alipo. Kompyuta hufanya hesabu hiyo kwa kamera zote, tena na tena, bila kuchoka. Mpira ukivuka wote, saa ya mkononi ya refa hutetemeka na kumwandikia kwamba ni bao, kabla sekunde moja haijaisha. Refa hasimamishi mchezo, haendi popote, hamwulizi mtu.

Tarehe 15 Juni 2014, mjini Porto Alegre, ndipo mtambo huo ulipotoa bao la kwanza katika Kombe la Dunia. Karim Benzema wa Ufaransa alipiga shuti likagonga mlingoti, likarudi na kumgonga golikipa wa Honduras, Noel Valladares, aliyejaribu kulinyaka likawa limeshavuka. Skrini ya uwanjani kwanza ilionyesha kwamba si bao, kisha ikaonyesha kwamba ni bao. Watu wakazomea, na kocha wa Honduras akapandwa na hasira, kwani ilionekana kana kwamba mtambo umebadilisha mawazo. Kumbe mtambo ulikuwa umepima mara mbili: mara ya kwanza mpira ulipogonga mlingoti, na mara ya pili ulipomgonga golikipa. Majibu yote mawili yalikuwa sahihi. Kosa lilikuwa la kuwaonyesha watu jibu la kwanza.

Je, mtambo huu haukosei? Hukosea mara chache mno, lakini siku ukikosea, kuna mtu hulia. Tarehe 17 Juni 2020, katika Ligi Kuu ya Uingereza, golikipa wa Aston Villa, Ørjan Nyland, aliudaka mpira wa Sheffield United kisha akarudi nao nyuma hadi ndani ya goli. Saa ya refa ilikaa kimya. Waliouweka mtambo walieleza baadaye kwamba kamera zote saba zilizibwa na miili ya wachezaji na mlingoti, zikawa haziuoni mpira. Turudi kwa mfano wetu: watu saba wamenyoosha vidole lakini mbele ya kila mmoja kuna mti. Mechi iliisha 0-0. Msimu ulipoisha Aston Villa ilikuwa na pointi 35 na ikabaki katika ligi, nayo Bournemouth yenye pointi 34 ikateremshwa. Hesabu waliyopiga watu wa Bournemouth usiku ule ni rahisi, hata Kidato cha Kwanza wanaiweza.

Sasa tuje kwenye kuotea, na hapa nawaomba wenzangu wanaolikimbia somo la Fizikia wavumilie kidogo. Mshika kibendera hutakiwa kujua mambo mawili kwa wakati mmoja: lini hasa mpira umetoka mguuni mwa anayeutoa, na wakati huo huo mshambulizi alikuwa wapi akilinganishwa na mpinzani wa pili kutoka mwisho. Anayetoa pasi anaweza kuwa mita 30 kutoka kwa anayeipokea. Macho hayawezi kutazama huku na kule kwa pamoja, lazima yahame. Tuseme yamechukua sehemu moja ya kumi ya sekunde kuhama. Mshambulizi anayekimbia mita 8 kwa sekunde amesogea sentimita 80. Beki anayekimbia kuelekea upande wa pili kwa mwendo huo huo naye amesogea sentimita 80. Jumla ni mita 1.6! Mshambulizi ambaye alikuwa sambamba na beki sasa anaonekana ameotea kwa hatua nzima. Mshika kibendera ananyanyua kibendera kwa moyo safi kabisa, na amekosea. Hakununuliwa na mtu. Ni kwamba jicho la binadamu halikuumbwa kwa kazi ile.

Picha za video zilipoanza kutumiwa, watu walisema tatizo hili limekwisha. Likapungua, lakini lilizaa jingine. Chukua kamera ya televisheni inayopiga picha 50 kwa sekunde. Kati ya picha moja na inayofuata, mshambulizi wetu wa mita 8 kwa sekunde amesogea sentimita 16. Sasa kama mguu uligusa mpira katikati ya picha hizo mbili, utachagua picha gani? Hata hivyo watu walionyeshwa mistari myekundu na ya buluu iliyochorwa kwenye kwapa na ncha ya kiatu, bao likakataliwa kwa upana wa kidole. Hapo sikubaliani nao hata kidogo. Ni kama mwenye duka kukupimia sukari kwa mizani ya magunia, kisha akakuambia umezidisha kijiko kimoja.

Katika Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022 waliirekebisha mizani. Kamera 12 ziliwekwa chini ya paa la kila uwanja, zikifuata nukta 29 katika mwili wa kila mchezaji, mara 50 kwa sekunde. Ndani ya mpira wenyewe kukawekwa kifaa kilichotuma habari mara 500 kwa sekunde, hivi kwamba wakati hasa wa mpira kupigwa ulijulikana kwa sehemu moja ya mia tano ya sekunde. Katika muda huo mshambulizi wetu anasogea sentimita 1.6 tu. Kompyuta ilipoona mtu ameotea iliwajulisha waamuzi wa video, nao wakahakikisha kabla ya kumwambia refa. Mechi ya ufunguzi, Novemba 20, haikuwa imemaliza hata dakika tano wakati bao la Enner Valencia wa Ecuador dhidi ya Qatar lilipokataliwa. Siku mbili baadaye Argentina iliingiza mpira wavuni mara tatu zaidi katika kipindi cha kwanza dhidi ya Saudia, na yote matatu yakafutwa kwa kuotea. Saudia ikashinda 2-1. Argentina walinung'unika, lakini hawakupata la kusema, na baadaye walitwaa kombe hilo hilo.

Katika mashindano hayo hayo ilipatikana picha ambayo ingefaa kubandikwa katika kila darasa la Fizikia. Tarehe 1 Desemba 2022 Japani ilicheza na Uhispania. Kaoru Mitoma aliufikia mpira pale kwenye mstari wa mwisho, akaurudisha ndani, Ao Tanaka akafunga. Picha iliyopigwa kutoka upande mmoja ilionyesha nyasi za kijani kati ya mpira na mstari, na dunia nzima ikapiga mayowe kwamba mpira ulikuwa umetoka. Refa Victor Gomes wa Afrika Kusini alikubali bao baada ya waamuzi wa video kuangalia, na picha kutoka juu zikaonyesha kwamba ukingo wa mpira ulikuwa bado uko juu ya mstari kwa takriban milimita 2. Japani ilishinda 2-1, na Ujerumani, ambayo haikuwa hata katika uwanja huo, ikafungasha virago.

Ukitaka kuhakikisha, chukua chungwa na kitabu. Weka chungwa mezani pembeni mwa kitabu, karibu kiasi kwamba ubavu wake unaning'inia juu ya ukingo wa kitabu kidogo tu. Litazame kutoka ubavuni, macho yakiwa sawa na meza: unaona nafasi kati ya pale chungwa linapogusa meza na kitabu. Sasa simama ulitazame kutoka juu kabisa. Nafasi haipo. Kwa mpira wenye upana wa sentimita 22, sehemu inayogusa nyasi inaweza kuwa karibu sentimita 11 nje ya mstari, na bado mpira haujatoka. Ukimwonyesha mtu picha ya kwanza bila ya pili umemdanganya, ingawa picha yenyewe ni ya kweli.

Mpaka hapa tumekuwa katika maswali ya kupima. VAR, yaani mwamuzi msaidizi wa video, ilipoidhinishwa rasmi na IFAB mwezi wa Machi 2018, ilipewa pia maswali ya kuamua, na hapo ndipo ugomvi ulipopata makao. Kazi yake iliwekewa mipaka minne: kama bao ni halali, kama kuna penalti, kama kuna kadi nyekundu ya moja kwa moja, na kama refa amempa kadi mtu asiyehusika. Waamuzi hao hukaa katika chumba chenye skrini nyingi wakiwasiliana na refa kwa kifaa cha sikioni. Wasiingilie kila jambo. Waingilie tu pale kosa likiwa wazi na dhahiri. Likiwa jambo la kupima, kama kuotea, humwambia refa jibu. Likiwa la kuamua, humwita aende kwenye skrini iliyo kando ya uwanja ajionee mwenyewe, na neno la mwisho ni lake.

Fainali ya Kombe la Dunia nchini Urusi, tarehe 15 Julai 2018, ilionyesha jinsi kazi hiyo ilivyo ngumu. Ufaransa na Kroatia zilikuwa 1-1. Kona ikapigwa, mpira ukamgusa mkononi Ivan Perišić wa Kroatia. Refa Néstor Pitana wa Argentina hakuona, akaitwa kwenye skrini. Akatazama, akaondoka, akarudi kutazama tena! Mwishowe akatoa penalti, Antoine Griezmann akafunga, na Ufaransa ikashinda 4-2. Je, mpira uligusa mkono? Uligusa, hakuna anayebisha. Je, lilikuwa kosa? Waulize wapenzi kumi wa kandanda utapata majibu kumi na moja. Kamera ilijibu swali la kwanza tu. Isitoshe, picha ikipunguzwa mwendo, mkono uliopita kwa kufumba na kufumbua huonekana kana kwamba ulikuwa na muda wa kupanga njama.

Wakati mwingine hata swali la kupima huharibikia mdomoni mwa watu. Tarehe 30 Septemba 2023, Tottenham ikicheza na Liverpool, Luis Díaz wa Liverpool alifunga, kibendera kikapanda. Waamuzi wa video wakapima, wakaona kwamba hakuwa ameotea. Lakini mwenye kazi hiyo alidhani kwamba uwanjani bao lilikuwa limekubaliwa, basi akamjulisha refa kwamba ukaguzi umekwisha, mambo ni sawa. Refa akaelewa kwamba kibendera ndicho kilicho sawa! Mchezo ukaanza tena, na walipogundua chumbani, sheria haikuwaruhusu kuusimamisha na kurudi nyuma. Liverpool ilifungwa 2-1. Mtambo haukukosea hata chembe. Watu wawili walishindwa kuelewana kwa sentensi moja, kama mimi na kondakta wa matatu kuhusu chenji.

Kwetu Afrika tulipata somo letu tarehe 31 Mei 2019, na kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote. Ilikuwa fainali ya marudiano ya Ligi ya Mabingwa Afrika, katika uwanja wa Radès nchini Tunisia, kati ya Esperance ya Tunis na Wydad ya Casablanca. Mechi ya kwanza ilikuwa 1-1. Esperance wakiwa mbele 1-0, Walid El Karti wa Wydad alifunga kwa kichwa, kibendera kikapanda. Wydad wakataka VAR itazamwe. Wakaambiwa mtambo haufanyi kazi. Wakagoma kuendelea. Baada ya kusubiri kwa zaidi ya saa nzima, refa Bakary Gassama wa Gambia alimaliza mechi na Esperance wakakabidhiwa kombe. CAF ikaamuru mechi irudiwe, kesi ikafika hadi mahakama ya michezo nchini Uswisi, na mwishowe kombe likabaki kwa Esperance. Lau VAR isingalikuwa imetangazwa kabisa, huenda Wydad wangalilalamika wakaendelea kucheza, kama timu zilivyofanya miaka nenda miaka rudi. Lakini ukimwahidi mtu taa kisha ukamwacha gizani, atalalamika kuliko yule aliyezoea giza.

Sisi Wakenya tuliionja VAR nyumbani mwezi wa Agosti 2025, mashindano ya CHAN yalipoandaliwa Kenya, Tanzania na Uganda. Kule Kasarani tarehe 10 mchezaji wetu alitolewa kwa kadi nyekundu baada ya VAR, tukabaki kumi, na bado Harambee Stars wakaizima Moroko 1-0. Tarehe 22, katika robo fainali, Madagaska walisawazisha kwa penalti iliyotokana na VAR kuona mpira umeunawa, na tukatolewa kwa mikwaju ya penalti. Nilisikia watu wakiapa kwamba mashini ile ililetwa kutuonea. Hakuna aliyeuliza kama mkono uligusa mpira.

Basi na huku kwetu chini je? Katika mechi za shule hakuna VAR. Mistari yenyewe huwa ya jivu au ya vumbi la mbao, na kufikia kipindi cha pili imekanyagwa hadi haionekani. Lakini simu zipo. Nimeshuhudia katika mashindano ya shule kijana mmoja akizungusha simu aliyorekodia bao, ati mfungaji alikuwa ameotea kwa mita mbili, na kundi likamfuata refa hadi mlangoni mwa basi. Walimu wakasimama katikati, la sivyo angepigwa. Mimi niliitazama video ile. Ilipigwa kutoka karibu na kibendera cha kona, na kutoka pale huwezi kulinganisha beki aliye karibu na mshambulizi aliye upande wa mbali, mpaka uwe umesimama sambamba nao. Ni lile lile chungwa na kitabu. Refa alikuwa amehatarishiwa mwili wake na pembe mbaya ya kamera, na yeye hakulipwa zaidi ya nauli.

VAR kamili haitafika kwetu hivi karibuni, kwa kuwa inataka kamera nyingi, chumba, mafundi na waamuzi waliofunzwa kazi hiyo. Lakini upo mfumo mwingine mwepesi ambao FIFA ilianza kuujaribu mwaka 2024, na mabinti zetu wameuona. Ulitumika katika Kombe la Dunia la wasichana wasiozidi miaka 17 katika Jamhuri ya Dominika, ambako Junior Starlets walikuwa timu ya kwanza ya kandanda ya Kenya kufika Kombe la Dunia lolote la FIFA, wakaifunga Mexico 2-1. Mfumo huo hauna watu wanaokaa chumbani kutazama kila tukio. Kila kocha hupewa maombi mawili kwa mechi. Akiona timu yake imeonewa katika yale mambo manne, huzungusha kidole hewani na kumpa refa wa nne kadi ya maombi. Refa mwenyewe huenda kwenye skrini akatazama, akaamua. Kocha akiwa na haki, ombi lake hubaki. Asipokuwa nayo, limekwenda.

Mimi naona huu ndio unaotufaa, kwa sababu mechi inayorekodiwa kwa kamera chache zilizowekwa mahali pazuri inaweza kuutumia. Tena unampa kocha kazi ya kufikiri kabla ya kupiga kelele. Akiyamaliza maombi yake mawili kabla ya dakika ya 20 kwa ajili ya hasira, basi dakika 70 zilizobaki refa ataamua kwa macho yake mwenyewe, na kocha atakaa kwenye benchi akimtazama kama sisi wengine.